Siku tisini za mtoto mchanga: kutoka komini mpaka Kinshasa



Hapa Lubumbashi, mtu akisikia neno viza anafikiri Kinshasa: ambasadi, mahojiano, tiketi ya ndege. Kwa mtu mzima ni kweli. Kwa mtoto mchanga safari inaanza mapema zaidi, kwenye meza ya komini, siku chache baada ya kuzaliwa. Wamama wawili wa chama chetu wameniuliza juu ya mambo haya mwezi huu, mmoja akiwa na mimba ya miezi saba na faili ya bwana wake iko njiani. Kwa hiyo nawaandikia njia niliyopita na mdogo wangu katika mwaka 2023, mahali kwa mahali, ili anayekuja nyuma yetu asitembee gizani.

Loteri na tarehe mbili

Shemeji yangu ni fundi wa umeme. Mwishoni mwa 2021 alicheza loteri ya viza ya Marekani, kama vijana wengi wa mji huu, na mwezi wa tano 2022 jina lake likatoka. Majirani walikuja kusherehekea kana kwamba ameshapanda ndege. Lakini kuchaguliwa si kupata viza. Wakati ule Marekani ilikuwa inatoa viza za loteri zisizozidi 55,000 kwa mwaka, kwa dunia nzima, na ilikuwa inachagua watu wengi kuliko hesabu hiyo. Kila mmoja anangoja namba yake ifikiwe. Na mwaka wao wa viza unakwisha tarehe 30 Septemba. Ikipita siku hiyo, faili ambayo haijapata viza imekufa. Haihamishwi kwenye mwaka unaofuata, iwe ya baba, ya mama au ya mtoto.

Namba ya shemeji ilifikiwa, akaitwa kwenye mahojiano mwisho wa Agosti 2023. Mdogo wangu alikuwa na mimba. Mtoto, wa kike, alizaliwa tarehe 2 Julai.

Hesabuni pamoja nami. Kutoka 2 Julai mpaka 30 Septemba ni siku 90. Sheria yetu ya Kongo nayo, ile ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inampa mzazi siku 90 kwenda kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Mama mwingine angeona siku hizo ni nyingi. Kwetu sisi ndani ya siku zile zile kulikuwa na akti ya kuzaliwa, pasipoti, fomu za Marekani, daktari, ndege na mahojiano.

Wazee wa familia walitoa shauri: baba na mama waende, mtoto abaki kwangu. Yaya yake ni mwalimu, walisema, atamlea vizuri, na baadaye watamfuata. Shauri hilo lilitoka katika moyo mzuri, lakini lilikuwa na shimo ndani. Mtoto wa faili ya loteri anapaswa kupata viza yake kabla ya 30 Septemba ile ile. Ikipita, baba atalazimika kuanza upya akiwa mkaaji wa kule, kwa faili ya kumwitia mtoto, na faili hizo zina foleni inayoweza kuchukua miaka. Tena baba akienda peke yake na mama akabaki kumlinda mtoto, mama naye amepoteza nafasi yake katika loteri. Mdogo wangu aliwasikiliza wote, kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Yaya, karatasi yake ikikosa kutoka, mimi siendi." Tangu siku hiyo kazi yetu ilikuwa moja.

Komini: karatasi ya materniti haitoshi

Karatasi wanayokupa materniti, yenye muhuri, uzito wa mtoto na saa aliyozaliwa, si akti ya kuzaliwa. Ni ushahidi wa kwamba ulizaa pale. Wamama wengi wanaikunja vizuri, wanaiweka ndani ya Biblia au chini ya vikwembe, wanafikiri kazi imekwisha. Akti yenyewe inatoka etasivili, yaani ofisi ya komini inayoandika wanaozaliwa, wanaooana na wanaokufa, na inatiwa saini na afisa wa etasivili.

Tulikwenda siku ya nne. Tulibeba karatasi ya materniti, cheti cha ndoa na karta za uchaguzi za wazazi wote wawili, maana katika nchi yetu karta hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Kwa sheria, kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 ni bure. Zikipita, lazima kwenda kwanza tribinali kutafuta hukumu inayothibitisha kuzaliwa, ndipo komini iandike. Hapo kuna pesa, kuna mashahidi, kuna kurudi kesho na keshokutwa. Ambasadi nazo zinaangalia kwa jicho kali zaidi akti iliyotoka miaka mingi baada ya kuzaliwa. Wakiwa na mashaka wanaweza kuomba kipimo cha damu ya ukoo, kile cha ADN, na gharama yake ni juu ya familia.

Jambo lililotushikilia zaidi ni jina. Ninyi mnajua desturi zetu: mtoto anaweza kuitwa jina la nyanya, la mjomba, hata la rafiki aliyesaidia nyumba, bila kubeba jina la baba. Tangu wakati wa Mobutu, mwaka 1972, majina ya kigeni yalipokatazwa, tumezoea kuwa na jina na postnomi. Jina la ubatizo lilirudi baadaye likakaa nyuma yao. Kwa mzungu wa ofisi, baba Ilunga, mama Ngoy na mtoto Kabamba ni watu watatu wasiojuana. Desturi si kosa, na hakuna anayekulazimisha kuiacha. Ila akti lazima itaje wazi jina la baba na la mama, na kila herufi ifanane na pasipoti zao. Hapa kwetu mtu mmoja anaandikwa Tshibanda leo na Chibanda kesho, Kyungu hapa na Kiungu pale. Mwambieni karani asome kwa sauti kabla ya saini. Mimi nilimwomba hivyo kwa heshima, naye akasahihisha herufi moja katika jina la shemeji. Herufi ile ingeweza kutugharimu mwezi mzima.

Mji uliozoea kuandikwa

Tukitoka komini tulipita mjini, na mnara wa moshi wa Gécamines uko mbele yetu na kilima chake cheusi. Nilimwonyesha mdogo wangu, nikamkumbusha yale ninayofundisha watoto. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule reli kutoka kusini ilipofika, ukaitwa Élisabethville mpaka 1966. Waliokuja kuchimba shaba waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Urundi, kutoka ng'ambo ya mpaka ambayo leo ni Zambia. Karibu mwaka 1928 Union Minière ilianza kuwapa kontra za miaka mitatu na kuwaacha waje na wake zao, ikajenga materniti na nyumba za kambi. Posho ya mke na ya watoto ilitolewa kwa hesabu ya kampuni. Mtoto asiyehesabiwa hana unga.

Mababu zetu wa kambi walielewa basi jambo ambalo sisi tumelisahau kidogo: mtoto anahitaji maziwa, na anahitaji pia kuandikwa. Sisi watu wa Lubumbashi karibu wote tulifika hapa kwa karatasi ya mtu fulani. Si ajabu kwamba mwingine anaondoka kwa karatasi pia.

Pasipoti ya mtu asiyeweza kuketi

Mtoto mchanga haandikwi ndani ya pasipoti ya mama. Anahitaji ya kwake. Mwaka ule bei rasmi ilikuwa dola 99. Miaka ya nyuma ilikuwa dola 185. Ulizeni bei rasmi ya siku mnapokwenda, na mlipe benki panapoonyeshwa, si mkononi mwa mtu anayekungoja mlangoni.

Picha ilitupa kazi ya kucheka na kulia. Kwa viza ya Marekani inatakiwa picha ya senti tano kwa tano, nyuma kuwe kweupe, uso uangalie mbele, mkono wa mtu mwingine usionekane. Mtoto wa siku kumi hajui kuangalia mbele. Tulimlaza juu ya shuka nyeupe karibu na dirisha, mchana baada ya kunyonya, mpiga picha akasimama juu ya kiti. Ya tisa ndiyo ilikubaliwa. Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Julai hapa kwetu. Kila picha mtoto anafunguliwa, kila baada ya picha anafungwa tena katika blanketi.

Ombi la pasipoti liliingia 14 Julai. Pasipoti yenyewe tuliipata 17 Agosti. Katikati kulikuwa na wiki za kwenda kuuliza na kurudi na mikono mitupu. Katika ofisi moja walituambia turudi kesho mara nne. Mdogo wangu alikuwa bado anatembea polepole baada ya kuzaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakwenda, maana shule ilikuwa katika likizo.

Wakati huo huo shemeji aliandikia kituo cha Marekani kinachoshika faili za loteri, kule Kentucky, akaomba fomu yao ifunguliwe ili mtoto aongezwe. Hii inaruhusiwa kabisa kwa mtoto aliyezaliwa baada ya kucheza loteri. Lakini angalieni: mtoto aliyekuwa amezaliwa kabla ya kucheza, hata kama haishi na ninyi, hata kama ni wa bwana na mwanamke mwingine, ni lazima awe aliandikwa tangu mwanzo. Kumficha mtoto mmoja kunaweza kuangusha faili ya nyumba nzima. Wadada, ulizeni swali hilo kwa bwana kabla ya kucheza, hata kama linaleta ugomvi wa jioni moja.

Kinshasa: saa nyingine, lugha nyingine

Zambia iko karibu nasi, Kasumbalesa ni mwendo wa asubuhi moja, na watu wanauliza kwa nini tusiende Lusaka. Sisi wakaaji wa Kongo, mahojiano ya viza ya kuhamia Marekani yanafanyika Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kwa barabara na mtoto wa wiki saba, haiwezekani. Tulipanda ndege Luano tarehe 19 Agosti, baada ya kulipa Go Pass. Mtoto wa chini ya miaka miwili anakaa mapajani, na tiketi yake ni sehemu ndogo ya tiketi ya mkubwa, lakini lazima awe nayo. Mnyonyesheni ndege ikipanda na ikishuka, masikio hayatamuuma.

Ukifika N'djili, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Kinshasa saa mbili ya asubuhi ni saa tatu kwetu. Kiswahili chetu nacho kinabaki uwanjani. Sokoni unajibiwa Kilingala, na kwa ofisi unarudi kwa Kifaransa. Hewa ni nzito kuliko ya kwetu. Tulikaa kwa ndugu wa shemeji, na nawashauri mfanye hivyo mkiwa na ndugu, kwa sababu siku za kungoja ni nyingi na hoteli inakula pesa ya viza.

Kwanza ni daktari aliyekubaliwa na ambasadi. Nenda kwake mapema, si siku ya kuamkia mahojiano. Kwa wakubwa kuna damu na radio ya kifua. Mtoto mchanga hapigwi radio; alipimwa uzito, akasikilizwa moyo, na karta yake ya chanjo ikaangaliwa: BCG na polio ya kuzaliwa, kisha zile za wiki ya sita. Mdogo wangu alikuwa amezifuata zote kwa tarehe zake, na daktari hakuwa na la kusema. Karta ile ya chanjo, wamama, ni karatasi ya viza pia.

Mahojiano yalikuwa 30 Agosti, ambasadi iliyo Avenue des Aviateurs, Gombe. Anayeingia ni mwenye faili tu. Mimi nilibaki nje na mfuko wa nepi. Waliniambia baadaye kwamba walilipa dola 330 kwa kila mtu, mtoto naye ni mtu, na pesa hiyo hairudi hata ukikataliwa. Waliulizwa juu ya diploma ya Serikali ya shemeji, juu ya ndoa, juu ya siku mtoto alipozaliwa. Karatasi za Kifaransa zilikubaliwa bila kutafsiriwa, kwa sababu ni lugha rasmi ya nchi.

Wazazi waliambiwa faili yao ni nzuri. Kwa mtoto ilitakiwa kopi kamili ya akti. Waliyokuwa nayo ilikuwa ya kifupi. Zilibaki siku 31.

Nilirudi Lubumbashi kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa 4 Septemba. Nilifundisha mpaka saa sita na nusu, kisha nikakimbia komini na chaki mikononi. Karani alifungua kitabu cha Julai, akaandika kopi kamili, na siku mbili baadaye saini ikawa imepatikana. Mtu tuliyemjua, aliyekuwa anasafiri, aliibeba ndani ya bahasha. Kitabu kile cha Julai ndicho kilichotuokoa: tungalichelewa kuandikisha, kusingalikuwa na ukurasa wa kunakili. Viza tatu zilitoka 15 Septemba. Mwaka wao wa viza ulibakiza siku 15.

Siku ya kuzaliwa inaamua

Yetu ilikuwa ya loteri. Ya kwako inaweza kuwa nyingine, na hapa ndipo wamama wengi wanachanganyikiwa. Nimeyapanga kwa namna ninayoweza kuwaeleza wanafunzi.

Mtoto akizaliwa kabla ya wazazi kupata viza, lazima awe na viza yake. Usifikiri atapita kwa sababu ni mdogo.

Mtoto akizaliwa baada ya viza ya mzazi kutolewa, lakini kabla ya mzazi huyo kuingia Marekani mara ya kwanza, sheria yao inamruhusu kusafiri pamoja na mzazi bila viza ya kwake. Lakini anahitaji pasipoti na akti, na lazima kuongea na ambasadi kwanza ili kampuni ya ndege isimkatalie mlangoni. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya viza ya mzazi, maana mara nyingi haipiti miezi sita.

Kama ni bwana anayekuitia kutoka kule, uliza ana karatasi gani. Akiwa mkaaji mwenye karta ya kijani, mtoto wenu anaweza kuongezwa katika faili yako. Akiwa raia wa Marekani, mtoto haongezwi katika faili ya mke: kila mtoto anahitaji ombi lake. Au pengine mtoto ni raia tangu kuzaliwa, ikiwa baba aliishi kule miaka mitano kabla ya mtoto kuzaliwa, na miwili kati ya hiyo baada ya kutimiza miaka 14. Hapo hatafuti viza, anaandikishwa ambasadi kama raia. Na shimo kubwa ni hili: bwana aliyekuwa mkaaji akipata uraia katikati ya faili, mtoto aliyekuwa ndani ya faili yako anatoka, na anahitaji ombi jipya. Bwana anapiga simu akiwa na furaha, wewe unashangilia, na hakuna anayemkumbuka mtoto. Siku ya habari hiyo njema, swali la kwanza liwe: na mtoto?

Kanuni za viza zinabadilika. Uliza ambasadi yenyewe kabla ya kununua tiketi, usitosheke na maneno ya sokoni wala yangu.

Kwa wasiosafiri

Najua wengi mnaosoma ukurasa huu hamna faili popote. Bado akti ni yenu. Katika darasa langu, mwaka wa sita, kila mwaka tunapotuma majina kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa msingi, kuna watoto wenye majina matatu tofauti katika karatasi tatu, na wengine hawana karatasi hata moja. Uchunguzi mkubwa wa afya wa nchi wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika watoto wanne walio chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikishwa. Mtoto asiyeandikwa anakosa mambo mengi kabla hajafikiria kupanda ndege.

Kwa hiyo, mama mwenye mimba, weka pamoja tangu leo cheti cha ndoa na karta za ninyi wawili. Ukitoka materniti, hesabu siku kutoka siku ile ile. Omba kopi kamili ya akti, zaidi ya moja. Linganisha herufi.

Mdogo wangu na nyumba yake wako mbali sasa, na mtoto anatembea. Jumamosi baada ya mkutano wetu nitabaki saa moja pale tunapokutana. Mama anayetaka tusome pamoja akti ya mtoto wake, herufi kwa herufi, aje nayo. Na aliyejifungua mwezi huu bila kwenda komini, aje na karatasi ya materniti, tutapanga siku ya kumsindikiza.

Mwalimu wenu